Tembo Mmoja, Sheria Mbili: Safari ya Karatu na Ngorongoro

Kosta yetu ilipoiacha barabara ya Dodoma pale Makuyuni na kushika ya Karatu, kijana wa kiti cha nyuma alikuwa ameshamaliza kuihukumu Ngorongoro yote. "Wanyama wanaisha kule," alisema. "Watu na ng'ombe wamejaa, serikali inawabembeleza tu." Mama mmoja aliyekuwa na kapu la vifaranga miguuni akamuuliza bila kugeuka: "Kwani wewe umewahesabu?" Gari zima likaangua kicheko, na kijana akarudi kwenye simu yake.

Mimi mwenyewe nilikuwa safarini kwa sababu ya swali la namna hiyo. Kwa zaidi ya miaka 60 ubishi wa Ngorongoro umekuwa wa hesabu: nyumbu wangapi, faru wangapi, ng'ombe wangapi, watu wangapi. Wataalamu wanahesabu, magazeti yanachapisha, wabunge wanarushiana takwimu. Nilitaka kuona kinachofuata baada ya hesabu: nani anakaa mezani, nani ana kura, na nani anaitwa kuambiwa tu.

Mto wa Mbu tulisimama kidogo. Ndizi nyekundu zikaingia madirishani, noti zikatoka. Baada ya hapo gari likaanza kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa kwa gia nzito, nyani wamekaa kando ya lami, Ziwa Manyara likibaki chini upande wa kushoto. Ukishafika juu, nchi inageuka ghafla: udongo mwekundu, upepo wa baridi, mashamba ya mahindi, ngano na mbaazi yakipanda na kushuka mpaka mwisho wa macho. Hii ndiyo nchi ya Wairaqw, na wilaya yake, Karatu, ilimegwa kutoka Mbulu katika miaka ya 1990.

Mji wa Karatu unaishi kwa vitu viwili, shamba na mgeni. Barabara kuu imejaa gereji, maduka ya pembejeo na magari ya watalii yanayojaza mafuta kabla ya kwenda kreta. Lakini chanzo cha vyote viwili kiko juu, kwenye ukanda wa kijani kibichi unaoonekana kaskazini ya mji: Msitu wa Hifadhi wa Nyanda za Juu Kaskazini, ulio ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro. Mawingu yanaugonga msitu ule, maji yanazama ardhini, kisha yanatokea chini kama chemchemi. Kahawa ya Oldeani inayanywa, vitunguu vya Mang'ola kando ya Ziwa Eyasi vinayanywa, na mabomba ya mjini vilevile. Mkulima wa Karatu hahitaji semina ya umuhimu wa msitu. Shida yake ni kwamba msitu ule ule unaompa maji unampa na tembo.

Pilipili, oili chafu na mita 500

Mwenyeji wangu, mwalimu mstaafu, alinipakia kwenye bodaboda ya jirani yake, tukapanda hadi kijiji kimoja upande wa Rhotia ambako mashamba yanagusana na msitu. Ulikuwa mwezi wa sita, mahindi yameanza kukauka. Mama mwenye shamba alitupokea akiwa amejifunga kitenge juu ya sweta, tochi ya usiku bado inaning'inia shingoni.

"Karibu, Mwalimu. Umechelewa, wageni wangu wameshaondoka," alisema, akatuongoza kwenye shamba.

Kama robo ya ekari ilikuwa imelala chini. Mabua mengine yalikanyagwa, mengine yaling'olewa na mizizi yake na kutemwa baada ya kutafunwa upande mmoja. Kwenye udongo laini ulikuwepo wayo mmoja uliojichora vizuri, mistari yake ya nyufa ikionekana kama ramani. Kiatu changu kiliingia katikati yake na nafasi ikabaki pande zote. Kandokando ya shamba alikuwa amefunga kamba ya katani iliyolowekwa kwenye oili chafu iliyochanganywa na pilipili ya unga, imening'inizwa vitambaa kila baada ya hatua chache. Harufu yake ilitosha kunitoa machozi. Nguzo mbili zilikuwa zimelala.

"Kamba hawaigusi," alieleza. "Wanasukuma nguzo. Yule mkubwa anajua."

Nikamuuliza kuhusu kifuta jasho. Chini ya kanuni zilizotungwa mwaka 2011, anayeharibiwa mazao na wanyama wakali hupewa pesa kidogo za kumpoza, ambazo serikali yenyewe haiziiti fidia. Kiwango kilipangwa kwa umbali kutoka mpaka wa hifadhi: shilingi 25,000 kwa ekari kwa shamba lililo kati ya mita 500 na kilomita moja, kikipanda hadi shilingi 100,000 kwa ekari kwa shamba lililo zaidi ya kilomita tano, mwisho ekari tano. Shamba lililo ndani ya mita 500 halikupangiwa kitu.

"Wameshakuja kupima," alisema. "Nusu ya juu ya shamba langu iko ndani ya mita 500. Kwa hiyo tembo akila mahindi huku juu, amekula bure. Akiteremka kwenye mbaazi kule chini, ndipo nalipwa." Akacheka. "Basi wamfundishe kuanzia kwenye mbaazi."

Kigezo kile hakikutungwa na mwendawazimu. Anayelima mlangoni mwa msitu anajua hatari yake, na serikali haitaki kulipa watu wasogelee mpaka. Ukikitazama mezani, kinaeleweka. Lakini mama huyu hakuusogelea mpaka. Shamba amelirithi kwa mkwewe. Tembo anahesabiwa na wataalamu, umbali unapimwa kwa mashine, na bado swali ambalo lingemaliza ugomvi halikuulizwa: shamba hili lilikuwa hapa tangu lini?

Mstari wa ushoroba

Wakati tukirudi, Mwalimu alinionyesha upande wa mashariki, ambako ardhi inashuka kuelekea Selela. Huko ndiko kuna ushoroba wa Upper Kitete na Selela, njia nyembamba ambayo tembo na nyati wanaitumia kutoka msitu wa Ngorongoro hadi upande wa Manyara. Hoja ya wanasayansi hapa ni nzito. Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara ni ndogo. Njia zikizibwa, wanyama wake watabaki kisiwani, watazaana wenyewe kwa wenyewe, na ukame mmoja au ugonjwa mmoja utawamaliza. Njia hiyo imeshaorodheshwa miongoni mwa shoroba zilizo katika hali mbaya sana nchini.

Ila ardhi ya chini ya msitu ni ya vijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaiweka mikononi mwa halmashauri ya kijiji, na jambo kubwa kama kutenga eneo lazima lipite kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Hapo mtaalamu hawezi kuja na ramani na kuondoka na ardhi. Anakuja na ramani, anakaa kwenye benchi, anaulizwa maswali.

Mwalimu amewahi kuwa mjumbe wa kamati ya matumizi ya ardhi. Alinisimulia jinsi ilivyokuwa kijijini kwao mstari wa kwanza ulipochorwa, umenyooka kama wa rula, ukipita katikati ya mashamba ya watu na makaburi ya ukoo mmoja. Kikao kilivunjika. Cha pili nacho kikavunjika. Cha tatu, kijana mmoja anayelinda mashamba usiku alisimama akasema mstari wenyewe ni wa uongo, kwa kuwa tembo hawapiti pale. Wanapita korongoni, kwa sababu kuna maji na kuna kivuli. Mtaalamu akaenda naye kwa miguu siku mbili. Akarudi na mstari mwingine, umepindapinda, mwembamba mahali fulani na mpana mahali pengine, wenye kinyesi cha tembo kila hatua. Mkutano mkuu ukaukubali.

"Tulimpa njia tembo anayopita," Mwalimu alisema. "Siyo ile ambayo kompyuta ilimpangia."

Nikafurahi, nikadhani nimepata hadithi ya kuandika. Mwalimu akanitia breki. Tangu siku ile hakuna aliyerudi kupima. Watu wawili wameongeza ekari zao kuelekea korongoni. Mwingine ameuza kiwanja kwa mtu wa mjini anayetaka kujenga nyumba ya wageni yenye mandhari ya msitu. Mwenyekiti aliyesimamia makubaliano amemaliza muda, wa sasa ni shemeji wa mmoja wa wauzaji. "Kijiji kilikubali," alisema, "lakini kijiji kinasahau upesi kuliko tembo."

Hilo nimeliweka hapa makusudi, kwa sababu wapo wanaodhani mazungumzo peke yake yanaponya kila kitu. Hayaponyi. Makubaliano yasiyopimwa yanaliwa kidogokidogo, na mpimaji asiye na ujamaa na wauzaji ndiye pekee anayeweza kusema hadharani kwamba njia iliyokuwa na upana huu mwaka ule, leo imebaki nusu.

Juu ya geti

Kesho yake nilipata nafasi kwenye Land Cruiser ya abiria inayokwenda Endulen, ndani ya hifadhi. Tulikuwa wengi kuliko viti, juu ya magunia ya unga, sukari na katoni za mafuta ya kula. Lami inayotoka Makuyuni inafika geti la Lodoare. Watalii walikuwa wanashuka kulipia na kupiga picha, abiria wenzangu, wakazi wa humo, wakikaguliwa vitambulisho. Walinzi walikuwa na adabu. Hata hivyo mama niliyebanana naye alininong'oneza: "Hebu fikiria, mwanangu, uonyeshe karatasi kila unapokwenda kwenu."

Baada ya geti barabara inaingia msituni, ndevu za ukungu zikining'inia kwenye miti. Na hapa, bila bango lolote, sheria inabadilika. Chini ya geti serikali inakiomba kijiji ardhi. Juu ya geti, vijiji vinaiomba ruhusa Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro: ya kujenga darasa, ya kuchimba choo, ya kukarabati josho. Tembo aliyekula mahindi ya Rhotia usiku, asubuhi analala msituni upande huu. Ni yuleyule. Kilichobadilika ni nani ana haki ya kusema hapana.

Tulipofika ukingoni mwa kreta, dereva alisimama kupoza injini. Chini kabisa, kama mita 600, Ziwa Magadi lilimeta jeupe na msitu wa Lerai ukaonekana kama kiraka cheusi. Eneo la kilomita za mraba 260 hivi, na ndani yake maelfu ya wanyama. Jirani na hapo kuna mnara wa mawe wa Michael Grzimek, Mjerumani aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege pamoja na baba yake, Bernhard, mwaka 1958, akafa kwa ajali ya ndege hiyo Januari 1959. Walihesabu nyumbu wasiofika 100,000. Filamu waliyoitengeneza ilipata tuzo ya Oscar, na dunia ikaamka.

Watu wengi hudhani Ngorongoro ilizaliwa kwa hesabu ile. Ilizaliwa kwa mapatano. Mwaka 1956 serikali ya kikoloni ilipendekeza kuigawa Serengeti ya wakati huo vipande vitatu vidogo na kuwaachia Wamasai nyanda nyingine. Wapenzi wa wanyama ng'ambo wakapiga kelele, mwanaikolojia W. H. Pearsall akatumwa kutoka Uingereza, na ripoti yake ya mwaka 1957 ikaeleza kwamba nyanda na milima haviachani: nyumbu wanahitaji nyasi za chini, na mito inategemea misitu ya juu. Ikaundwa kamati. Mwishowe Serengeti ikawa hifadhi isiyo na watu, Ngorongoro ikawa eneo la watu, mifugo na wanyamapori pamoja. Aprili 1958 wazee wa Kimasai waliweka alama zao kwenye hati ya kuiachia Serengeti. Hifadhi ya Ngorongoro ikaanza mwaka 1959, kilomita za mraba zipatazo 8,300, na Gavana Richard Turnbull akaliahidi Baraza la Wamasai kwamba maslahi ya watu na ya wanyama yakigongana, ya watu yatatangulia.

Kwa zama zile ilikuwa kazi nzuri: sayansi ilisema kipi hakiachani na kipi, wenyeji wakasema wanachoweza kukitoa. Kasoro ilikuwa moja. Hati haikusema watakutana tena lini. Mamlaka ya kwanza ilikuwa na wajumbe wa Kimasai. Muundo huo haukudumu. Kuanzia hapo maamuzi yakawa yanashuka kutoka juu. Mwaka 1974 maboma ya ndani ya kreta yaliondolewa. Mwaka 1975 kilimo kikapigwa marufuku. Mwaka 1992 kikaruhusiwa tena kwa kauli ya waziri mkuu, kisha baadaye marufuku ikarudi. Baraza la Wafugaji likaundwa mwaka 1994, lakini kama mshauri.

Nyasi za mzee

Oloirobi, nilikoshuka kabla ya kuendelea Endulen, ni kijiji cha ukingoni, na baridi yake haina mzaha. Mzee aliyenipokea alikuwa amevaa koti zito juu ya lubega na buti za mpira. Nilimwamkia, akanishika mkono, akanikaribisha chai ya maziwa. Nilipomuuliza ni kitu gani wataalamu hawakijui, alinikatalia swali.

"Wanajua sana," alisema. "Tatizo wanajua wakichelewa." Akatoka nje, akalishika shina la nyasi ngumu kama brashi, akalivuta kwa mikono miwili. Halikung'oka. "Hii ni makutian. Ng'ombe hali, pundamilia hali. Zamani tulichoma moto kwa zamu, ikipungua nyasi tamu ilichipua na kupe walikufa. Tukaambiwa moto ni uharibifu."

Hadithi yake ina ushahidi. Moto wa wafugaji ulipokatazwa, nyasi ndefu zikashamiri na kupe wakaongezeka, na ndigana kali, ambayo Wamasai huiita oltikana, ikawa inamaliza ndama. Hata ndani ya kreta, baada ya mifugo na moto kuondoka, watafiti waliona nyati wakiongezeka na nyumbu wakipungua, kwa kuwa nyumbu hupenda nyasi fupi. Mwaka 2000 na 2001, ukame na magonjwa ya kupe viliua nyati wengi na faru kadhaa. Mwaka 2001 hifadhi ikaanza uchomaji wa kupangwa ndani ya kreta, kwa usimamizi wa wataalamu. Kwa mzee wa Oloirobi, hiyo ilikuwa kanuni yake ya zamani ikirudi na sare mpya.

Lakini nisingetenda haki nikiishia hapo. Kwenye eneo la kutazamia kreta nilikuwa nimekutana na mwanaikolojia kijana aliyeleta wanafunzi. Alinionyesha chini maua ya zambarau na ya manjano. "Ni Gutenbergia na Bidens," alisema. "Yanameza malisho ya wanyama, na hayajali kama wewe ni mfugaji au mhifadhi." Akaendelea: mwaka 1959 watu walikuwa kama 8,000 humu, leo serikali inasema wamezidi 100,000. Huo ni mji mdogo, si boma la kuhamahama. Una matanki, taka, mbwa wenye magonjwa yanayowaua simba. "Ukiacha kila kitu kwa kikao," alisema, "kikao kitakula mtaji wa wajukuu. Lazima mtu mmoja awe na namba isiyobembelezwa."

Nilimpelekea mzee hoja hiyo. Hakuikataa. "Watu tumeongezeka, kweli. Ila namba yao ina jicho moja. Inatuhesabu sisi. Ng'ombe wa kila mtu wamepungua, hiyo hawaihesabu. Mahoteli ya ukingoni yanakunywa maji kiasi gani? Magari yanayoshuka kreta kila asubuhi?"

Mzee hayuko peke yake. Katherine Homewood na Alan Rodgers, waliochunguza Ngorongoro miaka ya 1980 na kuchapisha kitabu mwaka 1991, hawakuona ushahidi kwamba ufugaji ulikuwa unaiangamiza nchi. Waliona wafugaji wanaozidi kuwa maskini. Na kuna jambo ambalo simulizi za Serengeti huliacha. Miaka ya 1950 na 1960 ng'ombe wa kuzunguka Serengeti walichanjwa dhidi ya sotoka. Sotoka ikawatoka nyumbu pia. Nyumbu waliokadiriwa kuwa robo milioni hivi mwaka 1961, kufikia 1977 walikuwa zaidi ya milioni 1.3. Muujiza wa uhifadhi ulianzia kwenye mgongo wa ng'ombe. Na gharama ikamrudia mwenye ng'ombe: ndama wa nyumbu wanaozaliwa Ndutu na Olbalbal mwanzoni mwa mwaka wanabeba kirusi kinachoua ng'ombe, kwa hiyo mfugaji anaikimbia nyasi bora ya msimu na kupanda mlimani, ambako kupe wanamsubiri. Hayo hayamo kwenye jedwali lolote la faida na hasara ninalolijua.

Endulen

Barabara ya Endulen ni ya vumbi na mawe. Tulipita karibu na Laetoli, ambako mwaka 1978 zilipatikana nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka milioni 3.6 iliyopita, lakini hakuna abiria aliyegeuza shingo. Walikuwa wanazungumzia bei ya mbuzi.

Mwenye duka niliyenunua kwake soda ana kaka aliyehamia Msomera, wilayani Handeni, katika zoezi lililoanza Juni 2022. Serikali iliahidi kila familia inayohama nyumba ya vyumba vitatu kwenye ekari mbili na nusu, na ekari tano za kulima, ikisema kuhama ni hiari. Wapinzani wa zoezi walisema huduma zinapobanwa, hiari inabaki jina. UNESCO, ambayo jina lake lilitajwatajwa, ilitamka Machi 2022 kwamba haijawahi kuomba Wamasai waondolewe.

"Kaka yangu anasema mahindi yamemkubali," dada yule aliniambia. "Siwezi kumlaumu. Nami nimebaki, nisilaumiwe. Ninachotaka ni kuwa aliyeondoka amechagua, na aliyebaki amechagua."

Agosti 2024 mambo yalifika ukingoni. Tangazo la serikali lilifuta usajili wa kata, vijiji na vitongoji vya tarafa ya Ngorongoro, uchaguzi wa serikali za mitaa ukiwa mlangoni. Maelfu ya wakazi walijitokeza barabarani, magari ya watalii yakasimama. Tarehe 22 Agosti Mahakama Kuu Arusha ikasitisha tangazo, na siku iliyofuata ujumbe wa serikali ukaja kuahidi kwamba huduma na haki ya kupiga kura vinarejea. Desemba mosi Rais Samia Suluhu Hassan alikutana na viongozi wa Kimasai Arusha, na Februari 2025 akazindua tume mbili, moja ya mgogoro wa ardhi, nyingine ya utekelezaji wa zoezi la kuhama. Tafakari utaratibu huo: kwanza amri, kisha barabara kufungwa, kisha mahakama, ndipo mazungumzo. Mazungumzo yamekuja mwisho, yakiwa dawa ya jeraha ambalo yangelizuia.

Kila upande na pengo lake

Nilirudi Karatu na mzigo wa mawazo kichwani, lakini hitimisho langu ni jepesi. Ngorongoro haina upungufu wa utafiti. Ni miongoni mwa maeneo yaliyochunguzwa sana Afrika. Wala haina upungufu wa vikao. Kamati zimepita nyingi. Kinachokosekana ni kikao ambacho namba inaingia kabla ya uamuzi, na anayeathirika ana kura wakati inajadiliwa. Takwimu ikiletwa baada ya uamuzi inakuwa shahidi wa upande mmoja, na hata ikisema kweli haitaaminiwa.

Mambo matatu yanawezekana bila kusubiri sheria mpya. Kwanza, sensa ya wanyama, mifugo, watu, magari na maji ya mahoteli ifanywe pamoja, wakazi wakiwa ndani ya timu ya wahesabuji, na matokeo yabandikwe kwenye ofisi ya kila kijiji kwa Kiswahili na Kimaa. Pili, makubaliano yoyote yatakayotokana na tume hizi mbili yawe na tarehe ya kupitiwa upya, kitu ambacho hati za 1958 na 1959 hazikuwa nacho. Tatu, wakazi wawe na viti vyenye kura kwenye bodi ya Mamlaka, si viti vya ushauri.

Na Karatu nayo ina deni lake. Wakulima wa kando ya msitu walishapewa haki ya kukataa na wakaitumia kukubali. Sasa wanahitaji mpimaji anayerudi kila mwaka kusoma upana wa ushoroba mbele ya mkutano mkuu, na kifuta jasho kinachoangalia historia ya shamba, si mita peke yake.

Chini ya geti kuna kura lakini hakuna mpimaji. Juu ya geti kuna wapimaji tele lakini hakuna kura. Wanaoandika sera ya uhifadhi Dodoma wangeanza kwa kuvusha vyote viwili pale Lodoare, kimoja kipande na kingine kishuke.